Mbili Katika Mia

Asubuhi ya mkutano mkuu wa kijiji, wali ulimkwama Luh Suwitri kooni. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na furaha ya kumtoa mtu akili na hofu inayolingana nayo, na vyote viwili viligombea njia moja na wali. Mwaka mzima alikuwa amekalia kiti cha meneja wa benki ya kijiji chetu cha Tegalwani, mwanamke wa kwanza kukikalia, na leo ilikuwa zamu yake kusimama mbele ya wanaume wa kila nyumba awasomee hesabu. Ndani ya hesabu hizo alikuwa ameona jambo. Lilikuwa wazi kiasi kwamba siku alipoliona alicheka peke yake ofisini, mlinzi akaja kuchungulia kama kuna usalama.

"Kula wewe," mama yake alisema. "Ukizimia mbele za watu watasema binti wa Men Luh halishwi."

Jina la kuzaliwa la mama huyu hakuna anayelikumbuka. Kwetu Bali ukishazaa unaitwa kwa mtoto wako: Men Luh ni mama wa Luh, Pan Wirsa ni baba wa Wirsa, basi, yameisha.

"Nimeshiba, Mama."

"Umeshiba upepo. Haya, niambie mimi kabla hujawaambia hao. Faida ipo?"

"Ipo. Ndogo."

"Ndogo ya kumchoma baba yako, au ndogo ya kununulia ubani?"

Suwitri aliinama kufunga mshipi wake wa kitambaa kiunoni, akachukua muda mrefu kuliko mshipi ulivyohitaji. "Ya ubani," alisema.

Mama yake alifunika chungu, akajitwika kikapu cha vikombe, maana wanawake wa mtaa wao ndio waliokuwa na zamu ya kahawa mkutanoni, akatangulia kutoka. Suwitri alibaki akimtazama mgongoni. Kulikuwa na jambo la pili ambalo hakumwambia mama yake, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Baba yake, Wayan Geria, alikuwa mchonga mawe. Nusu ya majitu yanayotoa macho kwenye malango ya mahekalu yetu yalitoka mikononi mwake, na wanaomkumbuka wanasema mengine aliyapa sura za wadeni wake. Alikufa miaka sita iliyopita, akazikwa. Kuzikwa si mwisho wa safari. Mtu ambaye watu wake hawajamudu gharama za moto huwekwa udongoni kwanza, na tunasema ameachwa amana kwa Mama Ardhi, amtunze tu mpaka watakapokuja kumchukua. Hapo hukaa akisubiri, kwa mababu hajafika na nyumbani hayupo. Wasio na uwezo husubiri uchomaji wa pamoja, ambao gharama zake hubebwa na kijiji, na kijiji nacho fedha hizo kinazipata mahali pamoja: fungu lake katika faida ya benki. Mara mbili uchomaji ulipangwa. Mara mbili fungu lilipotolewa, likatosha ubani. Kila mwezi mpevu Men Luh alikwenda makaburini na kahawa na sigara za karafuu, akaviweka juu ya udongo na kumwambia mumewe, mwakani.

Sasa hiyo benki. Ni yetu wenyewe. Haina tajiri wa mjini wala mwenye hisa. Kijiji ndicho chenye mali. Tunaweka akiba humo, tunakopa humo, na mwisho wa mwaka sehemu moja ya tano ya faida inarudi kwa kijiji kwa ajili ya ibada na wafu. Mpango mzuri, ungetosha kutufanya watu wenye akili, kama isingekuwa Batusesa.

Batusesa ni kijiji cha ng'ambo ya mto, nao wana benki yao. Tumeshindana nao tangu enzi za mababu: nani ana ngoma za shaba kali zaidi, nani ana jogoo asiyekimbia, sanamu ya shetani ya nani ni ndefu zaidi usiku wa kuamkia siku ya kimya, ambayo hatuwashi moto wala kutoka nje. Likafika suala la riba. Batusesa walipotangaza kwamba mwenye amana kwao atapata nane katika kila mia kwa mwaka, sisi tukatangaza tisa. Wakapanda mpaka tisa na robo, kwa ukorofi tu. Sisi tukakwea kumi moja kwa moja, na siku ya kutangaza tukapiga ngoma njia nzima mpaka kwenye daraja ili wasikie vizuri. Kila mtu alishangilia. Suwitri wakati huo alikuwa karani wa kukusanya akiba, anazunguka sokoni kwa pikipiki na mkoba mbele, na alishangilia mpaka sauti ikamkauka.

Na yeye ndiye ambaye hakupaswa kushangilia, kwa sababu alikulia kwenye ua wa nguruwe.

Men Luh, kabla miguu haijamchoka, alikuwa dalali wa nguruwe. Alichukua majike kwa watu wenye fedha, akawagawia watu wa mlimani wenye muda na majani. Jike likizaa, mfugaji alibaki na vitoto vya fungu lake, vingine vikateremka kwa Men Luh. Yeye akampa mwenye jike haki yake, na kilichosalia ndicho kilichokuwa chake. Alikuwa hodari. Halafu akatokea mwanamke mmoja wa Batusesa, wa huko huko, akaanza kuwaahidi wenye majike vitoto vingi zaidi. Men Luh hakukubali kushindwa. Akaahidi kuliko yeye. Majike yakamiminika, ua ulijaa hata Suwitri, akiwa na miaka tisa, alipita kwenda chooni kwa kuruka migongo. Watu walimwamkia mama yake njiani kama mke wa mkubwa. Ilipofika sikukuu ya Galungan, siku ambayo hata fukara anachinja, Men Luh alipiga hesabu ya vitoto alivyodaiwa, pumba alizonunua na sindano za wagonjwa, akakuta hana nguruwe hata mmoja aliye wake. Alikwenda soko la mbali kununua nyama, akairudisha nyumbani ameificha chini ya nguo za kufuliwa.

Suwitri alikua, akasomea uhasibu mjini Singaraja, akarudi, akaolewa humo humo kijijini, nyumba ya jirani na mama yake, akaendesha ile pikipiki ya akiba mpaka wauza samaki wakaijua mlio. Meneja wa zamani alipostaafu, mwanamume wa kukitaka kile kiti hakupatikana, maana meneja anatukanwa na wenye amana asubuhi na wakopaji jioni. Wakampa yeye. Ndipo alipokaa kuandika hotuba yake ya kwanza, akaanza kama walivyoanza wote: mali za benki zimepanda, mikopo imepanda, amana zimepanda. Akaona maneno hayo hayamwingii mtu akilini. Akasema ngoja niwaeleweshe kwa rupia mia moja tu. Akaandika namba moja, chini yake ya pili, akatoa. Kalamu ikasimama. Akaliona lile ua, migongo kwa migongo. Hapo ndipo mlinzi alipokuja kuchungulia.

Alicheka kwa raha, kwa sababu ugonjwa ukishajulikana dawa haiko mbali. Kisha akakumbuka ni nani anayeishi kwa riba ya amana katika kijiji hiki, akaacha kucheka. Men Luh alipoacha biashara aliweka benki milioni sitini, jasho la maisha yake yote. Kila mwezi riba ilimpa laki tano, na kwa hizo alinunua mchele, maua ya sadaka, dawa za miguu na zile sigara za karafuu.

Ukumbi wa kijiji ulikuwa umefurika: mashati meupe, vilemba, moshi wa sigara, na jogoo mmoja wa mtu aliyeshindwa kumwacha nyumbani. Mkuu wa mila, Bendesa Lodra, alifungua kwa sala na dua za kutosha, akampa Suwitri nafasi kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza kabla ya jua kali. Suwitri aliiweka ile ripoti nene mezani, akaifunga, akauendea ubao uliosimamishwa kando, chaki mkononi.

"Baba zangu na kaka zangu, hiyo mtaisoma wenyewe, kila mtu anayo nakala. Mimi nataka rupia mia moja tu. Nikikukopesha mia, mwisho wa mwaka unaniletea riba ngapi?"

"Kumi na mbili!" Hilo walilijua kama majina ya watoto wao.

"Na hiyo mia nimeitoa wapi? Ni amana ya mtu. Huyo mwenye amana ninampa ngapi?"

"Kumi!" Walisema kwa kiburi, na mmoja akageuza shingo kuelekea mtoni, kana kwamba Batusesa wanasikia.

"Imebaki ngapi?"

"Mbili," akasema mtu wa nyuma.

"Mbili," Suwitri aliandika, kubwa. "Haya ndiyo mapato halisi ya riba. Sio ile kumi na mbili tunayoisoma kila mwaka tukapiga makofi. Ile inapita tu, kama mgeni anayeuliza njia. Benki inakula kwenye mbili. Mshahara wangu uko humu. Umeme humu. Petroli ya karani humu. Na mikopo chechefu, ile ambayo mwenyewe ukimpigia simu anakwambia mtandao mbaya, nayo iko humu."

Watu walicheka, wakamtazama fundi seremala mmoja, naye akatazama paa.

"Vyote hivyo vinakula moja na nusu. Tunabaki na nusu. Nusu rupia katika mia, baba zangu. Hiyo ndiyo faida. Na katika hiyo nusu, kijiji kinachukua sehemu moja ya tano. Ndiyo maana mwaka huu fungu la kijiji ni milioni ishirini. Uchomaji unataka tisini."

Hapo ukumbi ukaanza kuvuma. Aliyesimama ni Pan Wirsa, mweka hazina wa hekalu kuu, mzee mwembamba ambaye hajawahi kula hata ndizi ya sadaka isiyo ya zamu yake. Watu humwogopa kwa sababu hana la kuficha.

"Luh, mwanangu, ngoja. Mwaka juzi benki ilikuwa na bilioni kumi na tano. Mwaka huu ishirini. Imekua namna hiyo, halafu unatuambia haina kitu?"

"Imekua, Baba. Lakini kila fedha mpya iliyoingia tumeinunua kwa kumi. Mnaukumbuka mwaka ule ua wa mama yangu ulivyojaa nguruwe?"

Waliukumbuka. Harufu tu isingewaacha wasahau.

"Mlikuwa mnamwamkia njiani. Mkasema Men Luh ametajirika. Basi Galungan ile kwetu hapakuwa na nguruwe wa kuchinja. Wote wale walikuwa wa watu. Alikuwa ameahidi kuliko alichopata."

"Nyama mlikula!" sauti ilitoka nyuma, kwenye majiko ya kahawa. "Nani alikula ile nyama, paka?"

"Ulinunua, Mama. Uliificha kwenye nguo."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, mpaka jogoo akawika. Suwitri naye alicheka, mwili wote ukimsisimka. Alikuwa amewashika. Miaka yote aliyosikiliza mikutano hii hakuwahi kuona wanaume hawa wakisahau sigara zao mpaka zikawaunguza vidole.

"Sasa nisikilizeni. Tuseme mwenye amana tunampa nane badala ya kumi. Nane, ambayo bado benki za mjini haziifikii hata kwa ndoto. Kumi na mbili, toa nane?"

"Nne!"

"Toa ile moja na nusu ya gharama?"

Vidole vilihesabu. Midomo ilicheza. "Mbili na nusu," wakasema, wengine kwa kuchelewa.

"Kutoka nusu mpaka mbili na nusu. Ni mara ngapi?"

Yule seremala wa mtandao mbaya ndiye aliyeruka wa kwanza. "Mara tano! Jamani, mara tano!" Akamgeukia jirani yake, akamtikisa bega. "Tunapunguza mbili tu, faida inakuwa mara tano!"

Hapo palikuwa hapatoshi. Watu walisimama, walizungumza wote kwa pamoja, kila mmoja akamweleza mwenzake kile kile alichokwisha kuelewa. Suwitri alilazimika kupiga ubao kwa kiganja. Fungu la kijiji lingetoka milioni ishirini likafika mia moja, alisema, na mia moja inazidi tisini.

Pan Wirsa hakuwa amekaa.

"Na fedha za hekalu?" aliuliza, na kelele zikashuka zenyewe. "Nimeweka humo bilioni mbili. Si zangu. Ni za miungu. Zinapata kumi. Wewe leo unataka kuikata miungu mshahara?"

Hakuna aliyecheka, maana hakuwa anatania.

"Hekalu litapungukiwa milioni arobaini kwa mwaka, Baba," Suwitri alijibu polepole. "Nimeipiga hesabu hiyo kabla ya zote. Lakini fungu la kijiji litaongezeka themanini, na ibada za hekalu hugharimiwa na fungu hilo hilo. Benki ni ya kijiji. Hekalu ni la kijiji. Tunatoa fedha mfuko huu tunatia mfuko ule, na njiani nyingi zinaishia kwa wenye amana kubwa, ambao hapa tunawajua, na wengine hata kulala hawalali hapa."

"Wenye amana kubwa waache. Nazungumzia wadogo." Pan Wirsa alinyoosha mkono kuelekea majikoni, bila ubaya, kama mtu anayeonyesha njia. "Kuna wajane wanaoishi kwa riba hiyo. Mmoja yuko pale anatuchemshia kahawa. Umemuuliza?"

Wanaume wote waligeuka kutazama nyuma, kisha wakarudi kumtazama Suwitri, na furaha yote aliyokuwa nayo ikamporomoka hadi miguuni. Alikuwa ameiandika hotuba hii mara nyingi, akaisoma mbele ya kioo, na kila alipofika kwenye hilo alipita upande.

"Hajaniuliza," Men Luh alisema.

Alikuwa ametoka, birika mkononi, aproni ina majivu. Mbali na meneja anayesoma hesabu, wanawake hawasemi katika mkutano huu. Kila mtu alilijua hilo, na Bendesa Lodra alilijua kuliko wote, lakini kwa sababu anazozijua yeye alianza kusafisha miwani yake.

"Nitapungukiwa ngapi kwa mwezi, Luh?"

"Laki moja, Mama. Kutoka tano hadi nne."

Men Luh alitingisha kichwa polepole, kama anayepima mchele kwa mkono. Kisha hakumtazama binti yake tena. Alimtazama Pan Wirsa.

"Asante kunifikiria, kaka. Sasa nami nikuulize. Mimi nina amana mbili. Moja iko benki, inazaa kumi, nimesikia. Ya pili ni mume wangu. Tulimwacha kwa Mama Ardhi, tukasema atunzwe, tunarudi. Huu mwaka wa sita. Yeye mnampa ngapi katika mia?"

Pan Wirsa aliushusha mkono wake.

"Na kaka yako amelala hatua chache kutoka kwake," Men Luh aliendelea, sasa kwa upole. "Nikipeleka kahawa huwa nammiminia naye kidogo, maana alikuwa anapenda. Yeye anapata ngapi?"

Pan Wirsa alikaa. Alivua kilemba chake, akakitazama ndani, akakivaa tena. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Watu waliokuwa karibu naye walitazama chini, kwa sababu karibu kila mmoja alikuwa na mtu wake kwenye ule udongo, na kila mmoja alikuwa amezipiga ngoma mpaka darajani.

Kwetu hatupigi kura. Bendesa alivaa miwani yake, akauliza kama kuna mwenye neno. Hakukuwa na mwenye neno. Akauliza kama tumekubaliana, na ukumbi mzima ukajibu ndiyo, kwa sauti nzito ya chini ambayo Suwitri aliisikia mpaka kwenye mbao alizosimamia.

Njiani kurudi nyumbani mama alitembea mbele, vikombe vikigongana kikapuni.

"Ungeniambia jikoni," alisema bila kugeuka.

"Ungekubali?"

"Jikoni? Ningekupiga na mwiko." Alikwenda hatua kadhaa. "Na ile nyama ya kwenye nguo, hilo hukuwa na haja ya kulitoa."

Suwitri alicheka, lakini roho yake ilikuwa juu juu. Kukubaliana ukumbini ni kitu kimoja. Amana ni za watu, na mtu akiamka asubuhi akaamua kubeba fedha zake, hakuna mkutano wa kumzuia. Wakiondoka wengi kwa pamoja, hakuna nane wala kumi itakayowaokoa.

Kesho yake asubuhi, saa ya kufungua, alikuta watu wamejaa mlangoni pa benki, kila mmoja na hati yake mkononi. Wa kwanza kabisa alikuwa Pan Wirsa, amebana mkoba wa hekalu kwapani. Suwitri alifungua mlango, akakaa, akasema karibu kwa sauti ambayo hakuijua ni ya nani.

"Riba ni nane?" mzee aliuliza.

"Nane, Baba."

"Batusesa wanatoa tisa na robo."

"Najua."

"Nilivuka mto jana nikaenda kuwauliza." Alisema kwa sauti ya kawaida yake, yaani waliokuwa barabarani walisikia. "Nikamwambia meneja wao, katika mia mnabaki na ngapi? Akaniletea chai. Nikamuuliza tena. Akaniletea vitumbua. Mwanangu, sikuondoka na jibu, nimeondoka na tumbo." Akafungua mkoba, akaweka hati ya bilioni mbili mezani. "Siwezi kuweka miungu yangu kwa mtu asiyejua amebaki na ngapi. Andika nane."

Suwitri aliandika. Nyuma ya mzee mstari ulisogea. Wapo waliotoa fedha zao. Muuza saruji mmoja alibeba zote, akavuka nazo daraja mchana kweupe, na kwaheri ya kuonana. Wengi walibaki. Walikuja kuandikiwa nane, na wengine walikuja tu kumwambia kwamba jana usiku wamewaeleza wake zao ile hesabu ya mia, na wake zao wamesema hilo lilikuwa wazi tangu zamani.

Mwaka uliofuata Suwitri hakuhitaji hotuba. Aliandika namba tatu ubaoni, kumi na mbili, nane na nne, na ukumbi ukazisoma kwa pamoja kabla hajageuka. Batusesa nao wakashusha mpaka nane na nusu, wakasema wameamua wenyewe.

Uchomaji ulifanyika kiangazi. Makaburi yalifunguliwa siku moja, familia zote kwa pamoja, watu wakipigiana kelele za kuitana, wakicheka na kulia bila kuona haya, mabibi wakigombana ni mfupa wa nani. Ng'ombe wa mbao wa kuchomea mifupa walipangwa mstari, wamevikwa vitambaa vyeupe na dhahabu ya karatasi, na ngoma za shaba zilipigwa kwa ajili ya jambo la maana. Pan Wirsa alikuwa kule mwisho, amembeba kaka yake mikononi, hataki kusaidiwa.

Men Luh aliosha mifupa ya mumewe mwenyewe. Aliifunga kwenye kitambaa cheupe, kifurushi kidogo tu, kwa mtu aliyekuwa na mabega yale. Suwitri alisimama karibu naye akisubiri kumpokea. Mama yake hakumpa mara moja. Alikikumbatia kile kifurushi, akakiinamia, akazungumza nacho kwa sauti ya jikoni.

"Pan Luh, usinikasirikie kwa kuchelewa. Tulikuwa tunashindana na Batusesa."